Nililipia filamu, sasa haipo: je, mimi ninayelipa ndiye mjinga?

*"Habari za kazi, wakili. Mimi ni mama wa watoto wanne, naishi Arua, Uganda, na nina hoteli ndogo ya chakula karibu na soko. Mwaka juzi nilinunua filamu nne za katuni kwenye duka la mtandaoni. Kitufe kiliandikwa 'Nunua', nikalipa kwa kadi ya benki. Mwezi uliopita nikakuta mbili hazipo. Nilipoandika, nikajibiwa kwamba haki za kuzionyesha katika nchi yangu zimekwisha, na mazungumzo yakafungwa hapo hapo. Hizo mbili zilizobaki zinaonekana kama zina ukungu kwenye simu yangu, ilhali kwenye simu ya kaka yangu ni safi, na akaunti ni ile ile. Juu ya hayo, dekoda niliyoiweka hotelini, ambayo naijaza kila mwezi bila kukosa, imekatwa. Wanasema kifurushi changu ni cha nyumbani. Jirani yangu anawekewa filamu kwenye flashi kwa shilingi 500 moja, tena zimetafsiriwa na VJ, yule anayesimulia filamu kwa sauti yake kwa lugha yetu, na hakuna anayemsumbua. Mwanangu mkubwa anasema anaweza kunipakulia zile mbili bure kwa sababu nilishazilipia. Je, huo ni wizi? Kampuni inaruhusiwa kubaki na pesa yangu na kuniondolea kitu pia? Nikitaka kudai naanzia wapi? Nimechoka kutendewa kama mwizi wakati nalipa."*

Pole sana, mama. Barua yako imebeba malalamiko matatu, na kila moja lina jibu lake. Kuhusu filamu zilizotoweka una dai zuri. Kuhusu picha yenye ukungu huna wa kumshtaki, ingawa lawama yako ni ya haki kabisa. Kuhusu dekoda ya hotelini, nasikitika kukuambia kwamba kosa limeanzia kwako, japo si lote lako. Nitaanza na filamu kwa sababu ndiko pesa yako ilikopotelea, kisha nitafika kwa jirani na flashi yake, na kwa huyo kijana wako.

Ulipobonyeza "Nunua", ulichopata kisheria ni leseni, yaani ruhusa ya kuitazama filamu kupitia akaunti yako kwa masharti ya duka. Ungenunua diski, ile diski ingekuwa mali yako: ungemwazima rafiki yako, ungeiuza, na hakuna ambaye angeingia sebuleni kwako kuichukua. Faili la mtandaoni linabaki kwenye kompyuta za duka, na siku duka lenyewe linapopoteza ruhusa, na wewe unaipoteza. Masharti hayo yameandikwa, tena yameandikwa kwa makusudi. Mteja mmoja aliwahi kuniwekea simu yake mezani akiwa na uhakika kwamba ameibiwa. Tulifungua ukurasa ule wa malipo pamoja. Kitufe kilikuwa cha manjano, kipana kama kidole gumba, na neno la kununua limekolezwa wino. Chini yake kulikuwa na mstari wa kijivu wenye herufi ndogo kuliko tarehe ya risiti, unaosema kwamba kwa kuendelea umekubali masharti. Tukafungua masharti, tukashuka, tukashuka tena, na karibu na mwisho tukakuta sentensi inayosema maudhui yanaweza kuondolewa kutokana na vizuizi vya watoa leseni. Nadhani hata duka lako lina sentensi ya namna hiyo.

Kwa nini ruhusa iishe? Studio haiuzi filamu yake kwa dunia nzima kwa mkupuo. Huigawa kwa nchi au kanda, kwa lugha na kwa muda: majumba ya sinema kwanza, baadaye kukodisha na kuuza mtandaoni, halafu televisheni za kulipia, huduma za kujiunga kwa mwezi, mwisho televisheni za bure. Kila kipande kina mnunuzi wake na tarehe ya kuisha. Soko la Uganda mara nyingi halijadiliwi peke yake. Huunganishwa na nchi nyingine za Afrika kusini mwa Sahara, na mtu aliyenunua haki za kanda nzima anaweza kuamua kwamba katuni fulani zitaonekana kwenye huduma yake tu. Siku hiyo duka lako linaambiwa lishushe bidhaa. Hakuna anayekumbuka kwamba kuna mama Arua aliyelipa akidhani amemaliza.

Hili halikukukuta wewe peke yako, wala halikuanzia Afrika. Mwaka 2009 Amazon ilifuta vitabu kutoka kwenye vifaa vya Kindle vya wateja waliokwisha kuvilipia, kwa sababu aliyeviuza hapo mwanzo hakuwa na haki navyo. Ilirudisha pesa, na kelele zilipozidi mkuu wake akaomba radhi hadharani. Desemba 2023 Sony iliwatangazia wenye mashine za michezo za PlayStation kwamba vipindi vya Discovery walivyonunua vitaondolewa kwenye maktaba zao mwisho wa mwezi ule ule. Watu walichachamaa, na kabla mwezi haujaisha mpango huo ukafutwa baada ya makubaliano mapya ya leseni. Kuanzia Januari 2025, jimbo la California linamkataza muuzaji wa mtandaoni kutumia neno "nunua" kwa bidhaa ya namna hii pasipo kumweleza mteja waziwazi kwamba anapewa leseni tu. Sheria hiyo haifiki Arua, lakini inathibitisha kwamba hata watunga sheria walioko karibu na Hollywood wameliona tatizo kama unavyoliona wewe.

Hapa sasa ndipo wateja wengi wanapokosea njia. Wanaandika barua ndefu wakilia kuhusu hakimiliki, na kampuni inawajibu kwa hakimiliki, na kwenye hakimiliki kampuni hushinda kila mara, kwa sababu filamu kweli si yako wala si yake. Dai lako liko kwenye mkataba. Ulitoa pesa, ukaahidiwa kitu, kitu kimesitishwa. Sheria ya Hakimiliki na Haki Jirani ya mwaka 2006 inampa mwenye kazi uwezo wa kusema nani aionyeshe. Haimpi muuza duka uwezo wa kubaki na malipo ya huduma aliyoacha kuitoa. Hilo linaangukia kwenye Sheria ya Mikataba ya mwaka 2010, na kwenye Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2011, ambayo inamtaka anayeuza mtandaoni amweleze mnunuzi anachokinunua, bei yake kamili na masharti yake. Ulinzi wa mteja nchini mwetu umetawanyika katika sheria kadhaa, na hilo linachosha, lakini upo.

Kwa hiyo waandikie upya, na safari hii usiulize filamu imekwenda wapi. Andika tarehe uliyolipa, namba ya muamala, jina la filamu, neno lililokuwa kwenye kitufe, na tarehe uliyogundua haipo. Kisha sema: naomba nirudishiwe pesa ya filamu hizi mbili, au niwekewe salio la duka la thamani hiyo, ndani ya siku 14. Ambatisha picha ya skrini ya historia ya manunuzi. Fanya hivyo leo kabla ya kesho, kwa sababu historia hiyo nayo inaweza kusafishwa. Uzoefu wangu ni kwamba mtu wa huduma kwa wateja ana maelezo ya kunakili kwa anayelalamikia haki za nchi, ila kwa anayedai marejesho akiwa na namba ya muamala inambidi aipeleke barua kwa mkubwa wake.

Wakikataa, wasiliana na benki iliyotoa kadi yako uulize juu ya kupinga muamala kwa huduma isiyotolewa. Nakuonya kwamba mara nyingi muda wa kupinga huwa mfupi, na wewe ulilipa mwaka juzi, kwa hiyo benki inaweza kusema umechelewa. Jaribu tu, kuuliza hakuna gharama. Kushtaki duka lililosajiliwa ng'ambo kwa bei ya filamu mbili ni jambo nisilokushauri. Masharti yao karibu yote yanasema ugomvi utaamuliwa kwa sheria ya kwao, na nauli ya basi kwenda Kampala mara moja ingemeza unachodai.

Sasa ule ukungu. Kuna maelezo ya kiufundi, na ukiyaelewa utaacha kulaumu bando lako. Huduma nyingi za filamu hulinda picha kwa kufuli ya kidijiti. Kwenye simu za Android kufuli inayotumika zaidi ni ya Google, inaitwa Widevine, na ina ngazi. Ngazi ya juu, L1, inataka ufunguo ufanyie kazi ndani ya sehemu maalumu iliyolindwa katika chipu ya simu, mahali ambapo programu nyingine haziwezi kuchungulia. Simu ambayo mtengenezaji wake hakupitisha uthibitisho huo hubaki L3, ambako kufuli ni programu tu. Studio zinaogopa kwamba L3 ni rahisi kuvunjwa, hivyo zinalitaka duka lisipeleke picha safi kwenye simu hizo. Simu nyingi za bei nafuu huishia hapo. Kaka yako bila shaka ana simu yenye L1. Akaunti ni moja, bei mliyolipa ni moja, ila yeye anatazama picha safi na wewe unatazama ukungu kwa sababu ya chipu. Katika duka la programu kuna programu za bure zinazosoma ngazi ya Widevine ya simu; ukiona L3, usinunue tena filamu ya ubora wa juu kwa ajili ya simu hiyo. Lipia ule ubora wa chini kama unauzwa kwa bei ndogo, au itazame kwenye televisheni yenye uthibitisho.

Hapa naomba niseme ninachokiamini. Kufuli hizi zinambana anayeingia kupitia mlangoni. Mtu aliyepata nakala ya wizi hana kufuli: faili lake ni safi, haliulizi simu yake ni ya ngazi gani, halihesabu vifaa, muda wake haumaliziki baada ya siku kadhaa. Yupo fundi mmoja mahali fulani duniani aliyevunja kufuli mara moja, na baada yake mamilioni wanakula bure, wakati mzigo wa kufuli unabaki kwa wale waliolipa. Kampuni zinalijua hili. Zimelijua kwa zaidi ya miaka 20.

Mfano ambao kila mfanyakazi wa kampuni ya burudani angepaswa kuufahamu ni wa Sony BMG mwaka 2005. Ili kuzuia watu wasinakili muziki, kampuni hiyo iliweka programu ya siri kwenye CD zake. Ukiiweka CD kwenye kompyuta ya Windows, programu ilijipenyeza na kujificha ndani kabisa ya mfumo, na maficho yale yakawa mlango wa virusi vya watu wengine. Albamu 52 zilikuwa na programu hiyo. Mtaalamu mmoja wa kompyuta, Mark Russinovich, aliigundua kwenye mashine yake mwenyewe baada ya kununua CD halali, akaianika mwishoni mwa Oktoba mwaka huo. Kesi zikafuata, CD zikarudishwa, wateja wakalipwa fidia. Fikiria ni nani aliyeumia: yule aliyekwenda dukani na kulipa. Aliyepakua wimbo ule ule kwa wizi kompyuta yake ilibaki salama dhidi ya programu ile.

Au angalia diski za DVD. Dunia iligawanywa kwa namba za kanda ili studio zipange tarehe na bei za kila soko. Afrika Kusini ikawekwa kanda ya 2 pamoja na Ulaya. Uganda na sehemu kubwa ya Afrika tukawekwa kanda ya 5. Maana yake ndugu yako angeweza kukununulia diski halali Johannesburg, akalipa kodi zote, na mashine yako ya Arua ikaikataa. Diski ya kuchomwa ya barabarani haikuwa na kanda. Vijana wengi wa umri wangu walifundishwa na jambo hilo kwamba nakala ya wizi ndiyo "inayokubali". Hiyo ni hasara ambayo studio zilijitengenezea zenyewe.

Muziki ulibadilika. Januari 2009 Apple ilitangaza kwamba inaondoa kufuli kwenye nyimbo inazouza, na biashara ya muziki wa mtandaoni haikufa. Filamu bado haijafika huko, na sidhani itafika karibuni, kwa sababu filamu moja inagharimu pesa nyingi na mapato yake mengi yanapatikana katika miezi ya kwanza. Nawaelewa wanaoogopa. Ninachokataa ni kwamba woga wao ulipwe na mteja mwaminifu peke yake bila kuambiwa mapema.

Dekoda. Kifurushi cha nyumbani kinauzwa kwa bei ya nyumbani kwa sababu kituo kimelipia haki za kuonyesha ndani ya nyumba. Hoteli yenye wateja ni mahali pa umma, hata kama hulipishi kiingilio na hata kama meza ni nne. Mechi au filamu inayowavuta watu waketi kwako ni kuonyesha kazi hadharani, na kwa hilo vituo vina kifurushi cha biashara chenye bei yake. Kwa hiyo walikuwa na msingi wa kukata. Na kwa kuwa tuko hapo, ujue kwamba hata muziki unaoupiga hotelini unahitaji leseni. Jumuiya ya UPRS ndiyo inayokusanya malipo ya wanamuziki nchini, na mawakala wake hupita kwenye hoteli na baa.

Lakini kuna jambo moja la kuuliza: nani aliifunga hiyo dekoda? Kama wakala wa kampuni alikuja na ngazi yake, akapanda juu ya bati la hoteli, akageuza dishi, akaona masufuria na wateja, kisha akakusajili kifurushi cha nyumbani, basi aliyoyajua wakala kampuni haiwezi kujifanya haikuyajua. Tafuta fomu ya usajili na risiti ya ufungaji. Nenda kwenye ofisi yao ukiwa na hoja hiyo, uombe mambo mawili: wasikutoze faini, na siku ulizolipia ambazo hukuzitumia zihamishiwe kwenye kifurushi cha biashara au kwenye dekoda ya nyumbani. Wakikuzungusha, peleka malalamiko kwa maandishi kwa Tume ya Mawasiliano ya Uganda, UCC, ambayo ndiyo inayotoa leseni kwa vituo hivi na ina kitengo cha malalamiko ya wateja. Tume itakuuliza kwanza kama ulilalamika kwa kampuni yenyewe, ndiyo maana nasisitiza uwe na barua iliyopigwa muhuri wa kupokelewa.

Turudi kwa jirani yako. Nalifahamu duka la namna hiyo, nadhani kila mtu Uganda analifahamu: kompyuta moja, skrini yenye mafolda yaliyopangwa kwa majina ya VJ, kijana anachomeka flashi, mteja anataja anachotaka, na mstari wa kijani unatembea mpaka ujae. Ni huduma nzuri. Inatoa filamu kwa lugha mtu anayoielewa, kwa bei anayoimudu, bila bando, na kampuni kubwa hazikuwahi kumpa mtu wa Arua kitu cha namna hiyo. Kodi ya asilimia 12 kwenye data tangu Julai 2021 imezidi kuifanya flashi ionekane nafuu. Ukitaka kujua kwa nini uharamia umestawi, anzia hapo kabla hujafika kwenye tabia za watu.

Hata hivyo, kisheria duka lile linavunja ile sheria ya hakimiliki ya 2006, pasipo shaka. Kurudufu na kusambaza kazi ya mtu bila idhini yake ni kosa la jinai, na adhabu inafika faini ya shilingi milioni 2, au kifungo cha hadi miaka minne, au vyote viwili. Kutafsiri nako kunahitaji idhini: VJ ana kipaji cha kweli na sauti yake ni kazi, lakini anaiweka juu ya filamu ya mtu mwingine. Nao pia wanaibiwa, kwa sababu tafsiri ya leo asubuhi jioni iko kwenye kila kompyuta ya mji.

Katika folda hiyo hiyo ya shilingi 500 wamo watu wetu. Kule Wakaliga, Kampala, Isaac Nabwana na wenzake walizoea kuuza diski za filamu zao wenyewe, mkono kwa mkono, wakikimbizana na wanakili. Studio ya Marekani ina wanasheria wengi na itaendelea kuwepo. Mtengeneza filamu wa Gulu au Jinja akikuta kazi yake imejazwa kwenye flashi 1,000 hapati hata mia. Ndiyo sababu siwezi kukuambia kwamba jirani yako ndiye mwerevu, ingawa naelewa kabisa kwa nini wewe unajiona mjinga.

Mwanao. Sheria yetu ina nafasi ya matumizi ya haki, na miongoni mwake ni kutengeneza nakala kwa matumizi binafsi pekee. Mahakama ikitazama jambo hili hupima kusudi la nakala, aina ya kazi, kiasi kilichochukuliwa, na athari kwa soko la mwenyewe. Mama aliyelipa, anayetaka watoto wake waone katuni zile zile nyumbani, ana hoja ya kibinadamu na ana kipande cha hoja ya kisheria. Sitakudanganya kwamba ni hoja iliyokamilika, kwa sababu chanzo atakachopakua ni nakala iliyowekwa na mtu asiyekuwa na idhini, na leseni yako haikukupa ruhusa ya kuichukua kwingine.

Zaidi ya hapo kuna mambo mawili ambayo vijana hawayafikirii. La kwanza, kama anatumia torenti, yaani programu ya kupakua faili kwa vipande kutoka kwa watu wengine, programu ile haipakui tu. Wakati inapokea vipande inavituma vipande vile vile kwa watu wengine, kimya kimya, kwa bando lako. Hapo ametoka kwenye nakala binafsi na kuingia kwenye kusambaza, na kusambaza ndiko sheria inakokamata. Marekani, kampuni za muziki ziliwashtaki maelfu ya watu wa kawaida kuanzia mwaka 2003 kwa jambo hilo hilo. Mama mmoja wa Minnesota, Jammie Thomas-Rasset, aliamriwa kulipa dola 222,000 kwa nyimbo 24. Kampeni ile iliwachukiza wateja na kampuni zikaiacha mwaka 2008. Uganda sijaona mama wa nyumbani akifikishwa mahakamani kwa kutazama. Wanaofuatwa ni wenye maduka na wenye vibanda vya kuonyesha filamu. La pili ndilo linalonitia hofu zaidi: programu za bure za filamu zinazopatikana nje ya duka rasmi. Nyingi huomba ruhusa ya kusoma ujumbe mfupi. Simu hiyo hiyo ndiyo inayopokea ujumbe wa benki yako na wa pesa za simu. Programu ikisoma namba ya uthibitisho kabla yako, katuni za bure zitakugharimu mauzo ya wiki ya hoteli.

Ungeniuliza ningefanya nini ningekuwa wewe, ningedai marejesho ya filamu mbili kwa barua niliyoieleza. Zile mbili zilizobaki ningeziacha zilivyo bila kuongeza nyingine kwa kitufe cha kununua, isipokuwa kama duka linatoa faili la kupakua lisilo na kufuli, na hayo ni machache. Filamu ambayo watoto wanaitazama mara moja, kukodi kunatosha na bei yake huwa chini. Filamu wanayoirudia kila likizo, tafuta diski halali, ukague namba ya kanda nyuma ya kasha kabla ya kulipa. Kwa huduma ya mwezi, lipa mwezi ambao watoto wako nyumbani, kisha usitishe. Hakuna anayekulazimisha ulipe muhula wote wa shule. Na uwazoeze watoto chaneli rasmi za YouTube za watengenezaji wa Uganda na Afrika Mashariki, maana pale kutazama kwao kunamletea mwenye kazi mapato ya matangazo bila wewe kutoa senti zaidi ya bando.

Yako mambo ambayo hupaswi kuyamaliza kwa kusoma jibu kama hili. Ukiona pesa zinakatwa kwenye simu au kadi kwa huduma uliyokwisha kuisitisha, nenda siku hiyo hiyo kwa mtoa huduma wa pesa za simu au benki, na wasipokusikiliza, malalamiko yanapokelewa na Benki Kuu ya Uganda. Ukipokea barua ya wakili au wito wa polisi kuhusu ile dekoda, usijibu kwa simu wala usitie sahihi karatasi yoyote ya kukiri. Mtafute wakili kwanza. Chama cha Mawakili cha Uganda kina mradi wa msaada wa kisheria kwa wasio na uwezo wa kulipa. Kama kampuni ya dekoda ina ofisi nchini na imekataa kurudisha pesa yako, usiogope mahakama. Utaratibu wa madai madogo unashughulikia madai yasiyozidi shilingi milioni 10, unajieleza mwenyewe mbele ya hakimu, na huhitaji wakili. Muulize karani wa mahakama pale Arua akupe fomu. Atataka kuona kwamba ulimwandikia mdaiwa kwanza na ukampa muda wa kulipa, kwa hiyo nenda na nakala ya barua yenye muhuri, risiti za miezi uliyolipa, fomu ya usajili wa dekoda, na jina la wakala aliyeifunga kama unalikumbuka.